Nilimuuza Mpangaji Wetu kwa Mume Wangu

Kama wiki iliyopita ulikuwa na msiba au harusi na hukunisoma, hujapitwa na heri yoyote. Nilisimulia jinsi mrushaji wangu tegemeo alivyolipiga teke pipa la maji kwa hasira, akavunjika kidole cha mguu, na jinsi timu yangu, Supu ya Jana, ilivyoporomoka mpaka mkiani kwenye ligi yetu ya mezani.

Ligi yenyewe iko hivi. Tuko wanane hapa Kessler, Iowa, ndugu na majirani. Kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli wa besiboli, na wanachokifanya uwanjani kinampa yeye alama huku amekaa kwenye kochi. Bingwa ndiye wa kwanza kuchagua wiki yake kwenye nyumba ya ziwani aliyotuachia marehemu baba. Wa mwisho anapewa wiki ya Aprili, mabomba yakiwa bado yameganda.

Mwenyekiti ni shemeji yangu Rollie, mume wa mdogo wangu Corliss. Bingwa pia ni Rollie, mwaka nenda mwaka rudi. Mimi ile nyumba ya Aprili naijua kila ufa.

Mume wangu Merle ana timu yake, Nyonga Mpya. Aliipa jina hilo baada ya upasuaji. Tunalala kitanda kimoja lakini habari za wachezaji hatuambiani. Ndoa yetu imedumu kwa mambo kama hayo.

Sasa tuendelee na balaa.

Kwenye chumba chetu cha juu alikuwa analala kijana wa Texas, Wendell Ochoa, mrushaji wa Kambare, yaani anayemtupia mpigaji mpira ili aukose. Kambare ndiyo timu ya mji wetu, ya ligi ndogo, inayowalea vijana kwa ajili ya timu kubwa. Vijana wake hugawiwa kwenye nyumba za watu kama paka. Sisi tuligawiwa Wendell.

Hakuna aliyemhesabu. Alirusha mpira kwa nguvu, na wapigaji waliupiga kwa nguvu vilevile. Rollie alimwita Mkate wa Bure.

Jumamosi moja ya Juni mimi na Merle tulikuwa jukwaani. Merle akaenda kutafuta soseji. Wendell akaingia kurusha.

Mpigaji wa kwanza alizungusha gongo mapema mno, kama mtu anayekalia kiti kilichokwisha kuondolewa. Mpira ulikuwa bado uko njiani. Akapiga goti. Wa pili, hivyohivyo. Wa tatu alizungusha mpaka kofia ikamtoka, kisha akasimama akautazama mpira ukipita, kama anayepisha msafara.

Nikaelewa. Mkono ulikuwa uleule wa kasi, ila mpira ulifika polepole. Wendell alikuwa amepata mpira mpya, mpira wa kudanganya, na hakuna gazeti lililokuwa limeandika habari zake.

Niligeuka kuangalia kama kuna mtu wa ligi yetu pale jukwaani. Hakukuwa na mtu. Isipokuwa mchungaji wetu, naye amesinzia.

Merle akarudi na soseji mbili, haradali imemchafua shati.

"Nimekosa nini?"

"Hakuna."

"Mbona watu wanapiga makofi?"

"Mbwa aliingia uwanjani."

"Mbwa gani?"

"Wa kahawia."

Merle alisikitika kweli. Anapenda mbwa.

Jioni ile, Wendell akinisaidia kufuta vyombo, nilimuuliza kama simuulizi.

"Ule mpira mpya umeutoa wapi, mwanangu?"

Uso ukamchanua. "Mama Arlys, umeuona? Kocha mzee ndiye alinionyesha. Unaushika kama yai la kuchemsha ambalo hujui kama limeiva."

"Na nani mwingine anajua?"

"Wapigaji."

Uchaguzi wa wachezaji wasio na mwenyewe hufanyika Jumapili baada ya kanisa, uani kwa Rollie, nyama ikiwa juu ya moto. Anaanza aliye mkiani. Hiyo ndiyo faida pekee ya kuwa mkiani.

"Haya, shemeji," Rollie alisema huku akigeuza nyama. "Mkia kwanza. Unamtaka nani?"

"Wendell Ochoa."

Rollie alicheka mpaka akaweka koleo chini. "Mkate wa Bure! Arlys, unachagua kwa huruma. Wiki ijayo utamchagua muuza bisi."

"Mwache dada yangu," Corliss alisema.

Merle hakucheka. Aliniangalia kwa muda mrefu, sahani mkononi.

"Hakukuwa na mbwa," akasema.

"Hakukuwa na mbwa," nilikiri.

Kwa kanuni ya Rollie, aliyoitunga siku moja akiwa na furaha, mchezaji wa Kambare anahesabiwa nusu alama, na akipanda ligi kuu anahesabiwa kamili. Nusu za Wendell zilinitosha. Kila aliposhika mpira, wapigaji walikwenda na kurudi wakitikisa vichwa. Supu ya Jana ikapanda ngazi moja, ikapanda ya pili, ikampita Merle, ikampita mchungaji. Rollie akaacha kucheka akaanza kunisalimia kwa heshima.

Nami nikaanza kumtunza Wendell kuliko nilivyowatunza wanangu. Uji wa shayiri asubuhi. Samaki katikati ya wiki. Nilimfuata hadi ngazini kumuuliza kama amelala vizuri, na aliposema ndiyo nilifurahi, ila si kwa namna anayofurahi mama mzazi.

Merle hakumuuliza kama amelala. Alikaa naye barazani wakisikiliza redio. Alimfundisha kurekebisha mashine ya kukatia majani. Wendell naye alimshika mkono akishuka ngazi, polepole, kwa ajili ya ile nyonga.

Asubuhi ya Jumatatu, Merle akiwa bado kitandani, Wendell alishika kikombe cha kahawa kikamponyoka. Nikasema si neno, ni kikombe cha zamani. Nikampa kingine. Akakipokea kwa mkono wa kushoto.

Wendell si wa kushoto.

"Hebu nione huo mkono."

"Hauna kitu, mama."

"Wendell."

Akaunyoosha juu ya meza. Kidole cha mwisho na kile cha pete vilikuwa vimelala tu. Nikavifinya. Hakushtuka.

"Vimekufa ganzi?"

"Vinakuja vinaondoka. Kiwiko ndicho kinaanza, halafu vidole."

"Daktari wa timu anajua?"

"Nikimwambia wataniweka kando mwaka mzima. Pengine miwili." Akainamisha kichwa. "Kesho kuna watu wa timu kubwa wanakuja kuniangalia. Mama Arlys, mimi nimekaa kwenye mabasi ya ligi ndogo tangu nimalize shule. Niahidi hutasema."

Nikaahidi.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimhurumia. Nilimhurumia. Lakini pia alikuwa amepangwa kurusha siku iliyofuata, na nilikuwa nimebakiza kidogo sana kumfikia Rollie.

Jumanne akarusha vizuri kupita siku zote. Watu wa timu kubwa walikaa nyuma ya wavu wakiandika. Mimi nilikaa nikihesabu alama, na kila alipoushika mpira nilikuwa naangalia vidole.

Jumatano mchana nilimkuta Merle gereji, ananoa kisu cha mashine ya majani.

"Arlys, nataka kununua."

"Kununua nini?"

"Wendell."

"Hauzwi."

"Nakupa Quillen."

Nikavuta ndoo nikakaa. Lamar Quillen alikuwa mpigaji bora kwenye timu yake, mtu wa kuupeleka mpira nje ya uwanja mara kwa mara kama anaudai kitu. Quillen ndiye aliyekuwa roho ya Nyonga Mpya. Bila yeye, ile ilikuwa nyonga tu.

"Kwa nini?"

Merle aliendelea kunoa. Si mtu wa maneno.

"Kila akirusha, mimi nakaa pale kwenye kochi naomba ashindwe, kwa sababu ni wako. Sipendi kumwombea ashindwe, Arlys. Anakula mezani kwangu. Nataka nimshangilie kwa roho moja."

Hapo ndipo mtu mwema angefungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo, yalikuwa yamenijaa mdomoni. Nikawaza mkono ule juu ya meza. Nikawaza Quillen. Nikawaza nyumba ya ziwani mwezi wa Julai, maji ya vuguvugu, Rollie akiwa mahali pengine.

"Tupeane mkono," nikasema.

Mkono wa Merle ulikuwa na grisi. Akamtumia Rollie ujumbe palepale, naye Rollie akatuma kwa wote, na jambo likawa limekwisha.

Jioni nilipika viazi na nyama ya kusaga, vya kuoka. Tulipokaa, Merle akainua bilauri yake ya maziwa.

"Wendell, kuanzia leo wewe ni wangu. Karibu Nyonga Mpya." Akamtumia na ule ujumbe wa Rollie kwenye simu yake.

Wendell alikuwa anacheka na Merle. Halafu akaniangalia mimi.

Sijawahi kuangaliwa hivyo. Alijua ninachokijua, na sasa alijua nimekifanyia nini. Kicheko kilimwisha polepole, akageukia sahani.

"Hongera, mzee Merle," akasema, akaanza kula kwa mkono wa kushoto.

Merle hakuona. Alikuwa anajimiminia maziwa mengine.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Timu kubwa ilikuwa na mrushaji mgonjwa, ilihitaji mtu wa kuanza Ijumaa jioni, na mtu huyo alikuwa Wendell Ochoa. Merle alicheza. Nyonga ile waliyomwambia aitunze, aliizungusha jikoni akiimba jina la Wendell, na Wendell akamkumbatia, na wote wawili wakalia machozi. Mimi nilisimama karibu na jiko nikikoroga uji uliokuwa umeshaiva.

Wendell akaenda kwa Corliss kunyolewa. Corliss ana kiti cha saluni kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yake, na vijana wote wa Kambare hunyolewa pale. Alirudi nadhifu, akafunga begi. Gari la kumchukua lilipofika, nilimfuata barazani.

"Mwanangu, waambie kuhusu mkono. Waambie leo, kabla hujavaa jezi."

Alilitua begi chini. Sauti yake haikupanda.

"Jumatatu hukuniambia hivyo."

"Jumatatu nilikosea."

"Jumatatu nilikuwa kwenye timu yako, mama Arlys. Sasa siko. Kwa hiyo waache watu wa Nyonga Mpya wanishauri."

Akachukua begi kwa mkono wa kushoto, akaondoka. Merle alipunga mkono mpaka gari likapotea, kisha akaendelea kupunga kidogo.

Ijumaa jioni Corliss na Rollie walikuja kuangalia mchezo kwetu. Corliss alileta jeli ya kijani yenye karoti ndani. Rollie alileta ulimi wake.

"Merle, umempiga mkeo bao la karne," alisema akijitupa kwenye kochi. "Mrushaji wa ligi kuu! Alama kamili! Na yeye kabaki na Quillen, ambaye jana kazungusha hewa tu. Arlys, pole. Aprili kule si mbaya ukienda na blanketi."

Nilimwambia Merle aje stoo anisaidie kushusha bakuli. Bakuli lilikuwa chini. Nilifunga mlango.

"Mkono wa Wendell umeharibika," nikasema. "Kiwiko na vidole. Vinakufa ganzi. Nimejua tangu Jumatatu, kikombe kilipomponyoka."

Merle alikuwa ameshika rafu. Hakuiachia.

"Tangu Jumatatu."

"Ndiyo."

"Na gereji ilikuwa Jumatano."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo uliniuzia mtoto mgonjwa."

"Ndiyo, Merle."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Alisoma kopo la maharage lililokuwa mbele ya uso wake, kana kwamba ameulizwa lina chumvi kiasi gani.

"Mimi habari ya kuuziana siitaki sasa," hatimaye akasema. "Hiyo tutaongea. Akirusha na mkono huo, nini kitatokea?"

"Sijui. Kinaweza kukatika kitu ndani, asirushe tena."

"Piga simu."

"Nikipiga watasema nataka kukuharibia timu. Rollie atasema hivyo. Wewe mwenyewe utasema."

"Arlys. Piga simu."

Namba ya ofisi ya Kambare iko kwenye mlango wa friji. Nilichukua simu nikarudi nayo stoo. Wakanipa namba ya timu kubwa, nao wakanipitisha kwa huyu na yule, mpaka akapokea mwanaume aliyesema anaitwa Stroud, daktari wao wa viungo. Nyuma yake nilisikia watu wakipiga kelele na milango ya chuma ikigongwa. Merle akasogeza sikio kwenye simu.

"Naitwa Arlys Vandersloot, wa Kessler. Wendell Ochoa anakaa kwangu, na mkono wake..."

"Mama," akanikatiza, "hili tumeshaongea leo asubuhi."

"Hatujaongea."

"Umenipigia mwenyewe. Umesema vidole vyake vimekufa ganzi. Nikamwita nikampima, akanibana mkono mpaka nikaumia. Halafu akacheka. Akaniambia mna ligi ya mezani huko kwenu, kwamba umemuuza kwa mumeo Jumatano, na sasa unataka akae benchi mumeo akose alama. Akanionyesha na ujumbe wa mwenyekiti wenu. Kweli si kweli?"

"Kweli," nilisema. "Ila sikukupigia."

"Basi kuna mtu kapiga kwa jina lako. Mama, nina kazi."

Mlango wa stoo ulifunguka. Alikuwa Corliss, kisu cha kukatia jeli mkononi, macho mekundu.

"Ni mimi, dada," alisema. "Jana nilipomaliza kumnyoa nilimpa kioo aangalie kisogo. Kikamtoka mkononi kikavunjika. Nikambana, akaniambia yote. Akaniambia na wewe unajua. Sikulala. Asubuhi nikapiga, nikataja jina lako. Wewe ndiye mama mwenye nyumba yake. Niliona jina lako lina uzito kuliko langu."

"Lilikuwa na uzito mpaka Jumatano," nikasema.

"Mama, nakata," Stroud alisema sikioni mwangu.

Merle akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu."

Nikampa.

"Bwana Stroud, hapa ni Merle Vandersloot. Mimi ndiye mume. Mimi ndiye niliyemnunua." Sauti yake ilikuwa ile anayotumia kuongea na fundi bomba. "Sikiliza. Akirusha leo, alama zote ni zangu. Akikaa, napata sifuri, na mpigaji wangu bora nilishamtoa. Iowa nzima hakuna mtu anayetaka huyu kijana arushe kuliko mimi. Nakuomba umtoe."

Corliss aliacha kuvuta kamasi.

"Kikombe kilimponyoka Jumatatu," Merle aliendelea, "kioo jana. Ganzi inayokuja na kuondoka haipimwi kwa kubana mkono mara moja tu. Mpime tena sasa hivi, akiwa amepasha misuli. Na ukikuta hana kitu, njoo Kessler unizabe kofi."

Sikuweza kumsikia Stroud anajibu nini. Merle alinong'ona, "Kasema nisikate."

"Njooni nyie!" Rollie akapiga kelele sebuleni. "Mnakula jeli stoo? Mkate wa Bure huyo anaingia!"

Tukatoka wote watatu, Merle ameikamata simu sikioni kwa mikono miwili. Jua la jioni lilikuwa limejaa sebuleni, Rollie akavuta pazia ili tuone vizuri.

Wendell alikuwa katikati ya uwanja. Jezi mpya, kubwa kidogo mabegani, na kisogo kimenyolewa sawasawa. Alikuwa anapiga ardhi kwa ncha ya kiatu. Watu wengi kuliko wakazi wote wa Kessler walikuwa wamesimama wakimwangalia.

"Sasa mbona mmenuna?" Rollie aliuliza. "Nani kafa?"



Merle alitenga simu kidogo na sikio lake, nami nikasikia: viatu vinakimbia kwenye sakafu ya saruji, mlango, halafu kelele za uwanja. Zilikuwa kelele zilezile zilizokuwa zinatoka kwenye televisheni.

Pembeni ya picha, mtu mwenye koti la bluu akatokea akihema. Akamshika kocha bega. Kocha akamwinamia, akasikiliza, akamtazama usoni, akasikiliza tena.

"Msikilize," Merle alikuwa anasema, si kwenye simu, kwa televisheni. "Msikilize, bwana."

Kocha akapanda vidato vya kuingilia uwanjani. Akaweka mguu mmoja kwenye nyasi na kuanza kuinua mkono kumwomba mwamuzi asimamishe mchezo.

Wendell alimwona. Sote sebuleni tuliona kwamba amemwona.

Akamgeuzia kocha kisogo, akainua goti, akarusha.